Uchaguzi wa Mfumo Endeshi katika Kompyuta Ndogo za Bei Nafuu, 2007–2010

Kiswahili kina majina zaidi ya moja ya kompyuta ichukuliwayo mkononi. Watanzania wengi huandika kompyuta mpakato, na Wakenya kipakatalishi. Majina yote mawili yametokana na kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Jina la mfumo endeshi halina utamu huo, lakini jambo lenyewe ni zito zaidi. Mfumo huo ndio uongozao mashine tangu inapowashwa, nao ndio uamuao ni programu zipi zitakazofanya kazi humo, na mashine itasema na mwenyewe kwa lugha gani. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi uchaguzi huo ulivyofanyika katika kompyuta ndogo baina ya mwaka 2007 na 2010. Miaka hiyo ni michache, lakini ilitosha.

Asili ya habari hii ni mradi wa One Laptop per Child, ambao Nicholas Negroponte aliutangaza mwaka 2005: kila mtoto wa nchi maskini apate kompyuta ya dola 100. Mashine yenyewe ilipotoka kiwandandani mwishoni mwa 2007 bei yake ilikuwa imekaribia dola 190. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 na hifadhi ya gigabaiti 1 tu, na mfumo wake ulikuwa wa Linux, juu yake ukiwekwa mpango wa kufundishia uitwao Sugar. Katika nchi za jirani zetu ni Rwanda iliyozigawa kwa wingi mashuleni.

Wafanya biashara waliona kwamba kitu kidogo namna ile kingeweza kuuzwa hata kwa matajiri. Mwaka 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa Eee PC 701, yenye kioo cha inchi 7, kumbukumbu ya megabaiti 512 na hifadhi ya gigabaiti 4, na uzito usiofika kilo moja. Humo mlikuwa na Linux ya Xandros. Msomaji asidhani kuwa walioichagua walikuwa wafuasi wa programu huria. Windows Vista, iliyotoka Januari ya mwaka ule ule, ilidai gigabaiti 15 za nafasi katika diski, na mashine nzima ilikuwa na 4. Mtu hawezi kumwaga pipa katika kikombe. Zaidi ya hayo Linux haikudai ada ya leseni, na katika mashine ya bei ndogo kila dola huonekana. Hesabu ndiyo iliyoamua.

Microsoft ilikuwa imepanga kuacha kuuza Windows XP, mfumo wa mwaka 2001, ifikapo Juni 30, 2008. Lakini Aprili ya mwaka huo ilitangaza kwamba XP Home ingeendelea kutolewa kwa kompyuta ndogo za bei nafuu hadi Juni 2010, na waundaji wakawekewa mipaka, kama vile kumbukumbu isizidi gigabaiti 1, ili mashine hizi zisije zikala soko la kompyuta kubwa. Hivyo mfumo uliokuwa ukingoni mwa kaburi ulirudishwa sokoni. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilijisifu kuwa katika Marekani mfumo wake ulikuwa katika asilimia 96 ya kompyuta ndogo zilizouzwa, hali katika nusu ya kwanza ya 2008 haukufika asilimia 10.

Sababu za mageuzi hayo zilibishaniwa. Kampuni ya MSI ilisema mwaka 2008 kwamba mashine zake za Linux zilirudishwa dukani mara nne zaidi ya zile za Windows. Dell nayo ikasema mwaka uliofuata kwamba haikuona tofauti ya maana. Kwa rai yangu wote wawili waweza kuwa wakweli, kwa kuwa mengi yalitegemea kama mnunuzi aliambiwa anachonunua. Aliyekuwa amezoea Windows kazini au shuleni alifungua mashine mpya, akakuta kila kitu kina jina jingine.

Nami nina ushahidi wa aibu kidogo. Niliichukua mashine ya namna hii vijijini ili nikusanye maneno ya lahaja, na kwa kuandika ilinitosha kabisa. Lakini modemu niliyouziwa na kampuni moja ya simu ilikuja na programu ya Windows tu, na mwenye duka hakuwa na msaada mwingine ila kunishauri nibadili mfumo. Baada ya juma moja nilibadili. Nilikuwa mhubiri wa programu huria darasani!

Kwa mwanalugha, hasara ilikuwa hapa. Desemba 2004 Jambo OpenOffice ilikuwa imetolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi ya mradi wa Kilinux. Microsoft pia ilitoa tafsiri ya Kiswahili kwa Windows XP, na tafsiri hiyo haikuwa mbaya. Tofauti ni ya idhini. Katika programu huria, mtu akiona neno limetafsiriwa vibaya, aweza kulirekebisha na kuwagawia wenzake. Katika ile nyingine hana budi kuipelekea kampuni ombi na kungoja. Hata hivyo laumu yote isiwaangukie wauzaji. Mashine yangu ya Linux ilinena Kiingereza tangu siku ya kwanza. Sisi wenyewe tulikuwa tumetafsiri programu ya kuandikia, ila mlango wa nyumba, yaani maneno ya mfumo wenyewe, tulikuwa hatujaumaliza, na soko halikutungoja.

Oktoba 2009 ikaja Windows 7 Starter, ambayo haikumruhusu mtu hata kubadili picha ya kioo. Msaada wa XP ulikatwa Aprili 8, 2014. Mashine nyingi za kwanza, zenye kichakato cha biti 32, zingali zinawaka, na mwenye kuzitaka leo hurudi kwenye Linux, ingawa huko nako mlango unafungwa: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Yangu ninaitumia kwa Debian 12, bila modemu.