Glasi nane na bidoni ya Kasha: historia fupi ya maji na figo



Ku Kasha, kama ku Bagira yote, mtu akisema kiuno kinamuuma ama mkojo umebadilika rangi, shauri la kwanza ni lile lile: "Kunywa mayi mingi, glasi munane kila siku, figo itapona." Shauri lina nia nzuri. Lakini mimi nilisoma historia, si udaktari, na swali langu ni hili: hiyo hesabu ya glasi nane ilitoka wapi? Na maji ya kujaza hizo glasi, yenyewe yana historia gani kwetu?

Tuanze na glasi. Watu wengi wanaifuatilia hesabu hiyo hadi mwaka 1945. Wakati ule mji wetu ulikuwa bado unaitwa Costermansville. Kule Marekani, bodi moja ya chakula na lishe iliandika kwamba mtu mzima anahitaji karibu lita 2.5 za maji kwa siku. Bodi iliongeza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo iko tayari ndani ya chakula. Nusu ya kwanza ilizunguka dunia, nusu ya pili ikasahaulika. Lakini bugali, sombe na maharagi yetu, yote yana maji ndani. Mwaka 2002 profesa Heinz Valtin alitafuta ushahidi kwamba kila mtu mwenye afya lazima anywe glasi nane. Hakuupata.

Basi maji hayasaidii figo? Yanasaidia, lakini si kwa kila ugonjwa. Kwa mawe ya figo, ndiyo: utafiti wa Italia wa mwaka 1996 uliwafuata wagonjwa miaka 5. Waliokunywa maji mengi, mawe yalirudi kwa 12 katika 100. Wengine, kwa 27 katika 100. Kwa figo iliyokwisha kuchoka ni hadithi nyingine. Huko Kanada wagonjwa 631 walifuatiliwa mwaka mzima, nusu yao wakihimizwa kuongeza maji. Matokeo yalitoka mwaka 2018: figo zao hazikudhoofika polepole kuliko za wengine. Tena mgonjwa ambaye figo zake zimefika mwisho, maji mengi yanaweza kumvimbisha miguu na kumjaa mapafuni. Huyo anakunywa kipimo alichopewa na munganga.

Adui wakubwa wa figo ni tansyo na sukari. Mwaka 2009 Ernest Sumaili na wenzake walitangaza matokeo ya kupima watu wazima 500 wa Kinshasa: karibu 12 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Ugonjwa huo unaenda kimya miaka mingi. Wakati wa kuvimba unapofika, mara nyingi figo zimeisha, na mashine ya kusafisha damu ni gharama ambayo familia chache zinaiweza.

Sasa tuje ku bidoni. REGIDESO ilizaliwa mwaka 1939, wakati wa ukoloni, na Bukavu ilikuwa mji mdogo. Miaka ya 1950 Bagira ilijengwa kwa mpango, mtaa wa Wakongomani wenye nyumba za mistari. Vilima vya pembeni, Kasha ndani yake, vilijaa baadaye, nyumba juu ya nyumba, zaidi sana toka vita vya 1996 vilipowasukuma watu wa vijiji kuja mjini. Watu walipanda mlima mbio kuliko bomba. Ndiyo maana mpaka leo mama anaamka alfajiri na bidoni ya lita 20 kutafuta robine ama chemchem, na ziwa analiona kule chini.

Hapo ndipo figo zinaumia kwa njia ambayo hesabu ya glasi haiioni. Figo zinachuja karibu lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote mwilini. Mtu akishikwa na kolera kwa sababu ya maji machafu, anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Damu inapungua, figo zinakosa cha kuchuja, zinasimama. Kivu tuliona hayo kwa macho Julai 1994: katika mwezi wa kwanza tu, karibu wakimbizi 50,000 walikufa Goma, wengi kwa kolera na kuhara damu. Aibu ya msiba ule ilichangia kuanzishwa, mwaka 1997, kwa kanuni za misaada zinazoitwa Sphere. Ndani yake kuna kipimo: lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Kipimo ambacho dunia yote inatumia kambini kimetoka kwa sehemu ku vifo vya huku kwetu.

Tufanye hesabu. Familia ya watu saba inahitaji lita 105, ni kusema bidoni tano na zaidi, kila siku, kupanda mlima. Wangapi ku Kasha wanafika hapo? Sisi wenye diploma tunamwambia mama huyo anywe glasi nane, na hatumuulizi nani atazibeba.

Kwa hiyo mimi ninaomba tubadilishe shauri. Mtu akiumwa hivyo, tumpeleke apimwe tansyo, sukari na mkojo mbele ya kumjaza maji. Mtoto akihara, tumpe mara moja lita moja ya maji safi yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo, huku tukimpeleka kituo cha afya. Na tunapoandika barua kwa viongozi juu ya robine za Kasha, tuandike bila haya kwamba ni barua juu ya figo.