Fungu la Kukariri: Aya za Biblia katika Kumbukumbu ya Wasemaji wa Kiswahili

Historia ya Biblia ya Kiswahili kwa kawaida huandikwa kama historia ya wafasiri. Krapf alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo mwaka 1844. Steere aliwasili Unguja mwaka 1864 na kuendeleza kazi hiyo kwa lahaja ya huko. Roehl alitoa Biblia yake mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Na mwaka 1952 ikakamilika Biblia ya Union Version. Masimulizi hayo ni sahihi, lakini yanawaacha kando wale ambao Biblia ilikaa vinywani mwao zaidi kuliko mikononi.

Wamisionari walipofika pwani waliikuta sanaa ya kuhifadhi imekwisha kukomaa katika vyuo vya Kurani. Mkristo asemaye kwamba amehifadhi aya kwa ghibu anatumia msamiati wa chuoni, hata kama hajaketi mkekani mbele ya mwalimu wa chuo. Hata hivyo, ipo tofauti kubwa. Kurani huhifadhiwa kwa Kiarabu, na matini yake haibadiliki. Aya ya Biblia huhifadhiwa katika tafsiri, na tafsiri huja ikapita.

Kwa Waadventista, waliofungua misheni Upareni mwaka 1903 na kuingia eneo la Ziwa Viktoria mwaka 1906, desturi hii ina jina lake: fungu la kukariri. Somo la juma hugawanywa kwa siku, na fungu moja huandamana nalo. Hurudiwa katika ibada ya nyumbani, asubuhi na jioni, hadi Sabato linaposemwa kwa pamoja. Walutheri nao walikuwa na mafundisho ya kipaimara, yenye Katekisimu Ndogo ya kukaririwa. Kusema kwa pamoja kunadai jambo moja lisilo na mjadala: wote wawe na maneno yale yale. Hapo ndipo toleo moja linapokuwa sheria. Aliyekariri kwa Roehl alikutana na maneno mengine baada ya miaka 15 tu.

Kwa wanaisimu, matokeo yake yana uzito. Watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kipare au Kigusii walijifunza katika mafungu hayo maumbo kama “nalikuwa”, “enenda” na “yu”, ambayo hawangeyasikia sokoni. Kwa wengi wao huenda hicho ndicho Kiswahili cha kwanza walichokijua kwa ukamilifu, sentensi nzima kwa sentensi nzima. Kwa hiyo mtafiti anayemsikia mzee wa bara akisema “nalikuwa” katika sala asiharakishe kuandika kwamba amegundua sifa ya lahaja. Amesikia kitabu.

Biblia ya Habari Njema, iliyotoka kamili katika miaka ya 1990, ilikusudia lugha nyepesi, na kwa msomaji mpya ilifanikiwa. Kwa mkariri, wepesi huo haukuwa na maana kubwa, kwani ugumu alikwisha kuumaliza utotoni. Mjukuu akisoma kwa sauti kutoka toleo jipya, bibi humalizia mstari kwa maneno ya 1952. Na mara nyingi ni mjukuu, mwenye kitabu mkononi, anayeambiwa kwamba amekosea.