Sehemu ya 5: Injini tatu za rubani aliyeandika Matilda

Leo ni historia, ila ndani yake kuna hela yako na usalama wa mtoto, kwa hiyo soma hadi mwisho.

Nyumba nyingine zina kijana (au baba mzima kabisa!) anayeunganisha ndege ndogo za vita za plastiki. Baadaye anataka injini ya kununua pembeni, ya resini, eti ile ya kwenye boksi haifanani na ya kweli. Unachaguaje iliyo sahihi? Anza na mtu aliyekaa ndani ya ndege.

Mchukue Roald Dahl, yuleyule wa Matilda. Mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi Shell, akajifunza na Kiswahili. Vita ilipoanza 1939, akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza.

Nairobi alijifunzia Tiger Moth. Injini yake ni Gipsy Major: silinda 4 kwenye mstari mmoja, zimegeuzwa kichwa chini. Imefunikwa na bati, haionekani. Usinunue nyingine bure.

Halafu akapewa Gloster Gladiator, ya mabawa mawili, juu na chini. Tarehe 19 Septemba 1940 alikuwa anaipeleka kwenye kikosi chake katika jangwa la Misri. Uwanja hakuuona, mafuta yanapungua, giza linaingia. Akajaribu kutua jangwani, ndege ikaanguka na kuwaka moto. Alitoka humo fuvu limepasuka, pua imevunjika, na kwa wiki kadhaa hakuona kabisa. Alilazwa Alexandria kwa miezi.

Kwenye Gladiator injini unaiona wazi kwa mbele, hapa ndipo inafaa kununua. Ni Bristol Mercury, silinda 9 zimezunguka kama petali za ua. Lakini angalia usipigwe: kiwanda hichohicho kilitengeneza Pegasus, nayo ina silinda 9, ila ni pana zaidi. Kuhesabu silinda hakutoshi, shika rula. Mercury halisi ilikuwa na upana wa kama mita 1.3. Kwa ndege ya kipimo cha 1/72 hiyo ni milimita 18, kwa 1/48 ni milimita 27.

Aprili 1941 Dahl alikuwa Ugiriki na Hurricane. Hiyo ina Merlin, silinda 12 zimekaa kwa umbo la V, zote chini ya bati. Nunua tu kama kijana ataacha mabati wazi. Hurricane ya kwanza inataka Merlin II au III. Ukiuziwa Merlin 61, ile ni ya Spitfire za baadaye, ni ndefu zaidi, haitakaa.

Sasa nivae kofia yangu ya unesi. Rudi kwenye ile milimita 18. Kitu cha ukubwa huo kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo, na silinda mojamoja ni ndogo zaidi. Mwenye chini ya miaka 3 asikaribie meza hiyo, na kazi ikiisha kila kipande kirudi kwenye boksi lenye mfuniko. Resini ikipigwa msasa inatoa vumbi laini linaloingia mapafuni. Loweka msasa kwa maji, vaa barakoa, fanyieni mbali na chakula, kisha futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Na mkiwa mnabandika zile silinda 9, mweleze mtoto kilichompata rubani. Maumivu makali ya kichwa yalimrudia Dahl, na mwaka huohuo 1941 akaondolewa kwenye urubani na kurudishwa Uingereza. Alikuwa na miaka 24.

Nyumbani kwako wanaunganisha ndege gani? Niandikie jina lake na kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, tuitafutie injini yake.