Ciri naye alikimbia

Kwetu Carama, vijana tunabishana sana juu ya The Witcher: wa seri huku, wa gemu kule. Tuanze na historia. Andrzej Sapkowski wa Poland alitoa hadithi ya kwanza mwaka 1986. Gemu ya kwanza ilitoka 2007, ya tatu 2015. Seri ikaingia Netflix mwezi wa 12, 2019.

Kwenye seri, mji wa Ciri unaangushwa na jeshi. Anakimbia, analala porini, anafika kambi ya wakimbizi akiwa anaficha jina. Hapo hakuna mabishano. Wengi wetu tulivuka Ruzizi hivyo hivyo.

Gemu ya 2015 inamuonyesha amekuwa mkubwa, na mchezaji ni Geralt, mlezi wake. Kuna pahali Ciri anaitwa na wachawi wakubwa: uingie naye, ama umuache aingie mwenyewe? Ukimuamini mara nyingi, anapona. Ukimuamulia kila kitu, mwisho harudi.

Ndiyo maana sisi wa seri tumekubali tumeshindwa. Kukimbia ni mwanzo tu wa hadithi. Nanyi mnaotusaidia, tukiitwa ofisini, mtuache tujisemee.