Trela Ndogo na Haki ya Kulala Njiani

Barabara kuu ya 371 inapita Backus, kimji cha kaskazini mwa Minnesota, na tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hapo ndipo zinapotengenezwa trela ndogo za Scamp. Haziuzwi madukani. Mnunuzi huenda kiwandani mwenyewe, akaifunga trela nyuma ya gari lake na kuondoka nayo. Yetu tuliipata kwa mkono wa pili, kutoka kwa mama mmoja mzee aliyefiwa na mumewe, lakini nayo ilitoka Backus katika miaka ya 1980. Ina urefu wa futi 13 kutoka ncha ya kukokotea hadi bampa, na ndani mna meza inayogeuka kitanda, sinki, na jiko la gesi lenye meko mawili. Mimi ni mwuguzi, nakaa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis ambako Kiswahili na Ekegusii, lugha ya kwetu Kisii, havimshangazi mtu sokoni. Pengine ndiyo maana siridhiki na jinsi historia ya trela inavyosimuliwa, kana kwamba ni hadithi ya starehe peke yake. Kwangu mimi ni historia ya malazi: nani apate pa kuweka ubavu akiwa safarini, na kwa idhini ya nani.

Waingereza huanzia kwa daktari William Gordon Stables. Alikuwa tabibu katika jeshi la majini, akastaafu, akawa mwandishi wa vitabu vya vijana. Mwaka 1885 aliagiza gari la farasi la kulala ndani kutoka kiwanda cha mabehewa cha Bristol. Aliliita Wanderer, na lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Alisafiri nalo kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, hadi Inverness huko Uskoti, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Alikuwa na mwendesha farasi, na alikuwa na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwatahadharisha watu kwamba gari linakuja. Mwaka 1907 wapenzi wa safari za namna hiyo waliunda klabu yao, na Stables akapewa heshima ya umakamu wa rais.

Lakini njia zile zile zilikuwa na Waroma, jamii ya watu wahamaji, walioishi ndani ya magari ya farasi yaliyochongwa na kupakwa rangi kabla Stables hajaagiza lake. Wao hawakuandikiwa klabu. Walifukuzwa kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, na ilifika 1968 ndipo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzitaka halmashauri ziwatengee mahali pa kukaa. Gari la kulala likiwa la bwana liliitwa utalii; likiwa la Mroma liliitwa uzururaji. Tofauti hiyo naiona kila ninapofungua ukurasa mwingine wa historia hii.

Huku Marekani, motokaa ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1919 wapiga kambi walikutana Tampa, Florida, wakajiita Tin Can Tourists, kwa sababu ya mikebe ya chakula waliyobeba. Miaka kumi baadaye Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alichoshwa na hema lililomnyeshea yeye na familia yake, akabuni kijumba cha magurudumu. Kampuni yake, Covered Wagon, ikawa miongoni mwa kubwa kabisa za miaka ya 1930. Mwaka 1936 Wally Byam alitoa Airstream Clipper, trela ya alumini yenye umbo la mwili wa ndege, ile inayong'aa ambayo watu wengi huifikiria wakisikia habari za trela.

Mwaka huo huo wa 1936, Victor Hugo Green, msambaza barua wa Harlem, alitoa kitabu chake cha kwanza cha kuwaongoza wasafiri weusi. Nataka mambo hayo mawili yawekwe bega kwa bega, kwa maana hayawekwi. Kitabu cha Green kiliorodhesha hoteli, nyumba za watu, vituo vya mafuta na mikahawa ambayo ingempokea mtu mweusi bila kumtukana wala kumfukuza, na kiliendelea kuchapishwa kwa miaka thelathini. Familia nyingi nyeusi zilisafiri na chakula chao, blanketi zao na mafuta ya akiba ndani ya gari, si kwa kupenda kambi bali kwa kuwa mji uliokuwa mbele huenda usingewapa kitanda. Na hata mwenye kitanda chake alihitaji kiwanja cha kukiegesha. Katika hifadhi ya taifa ya Shenandoah, Virginia, weusi walitengewa eneo lao la Lewis Mountain, lililofunguliwa 1939. Ubaguzi katika hifadhi hiyo ulikomeshwa kabisa 1950. Sheria ya haki za kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi katika mahoteli ya nchi nzima ilikuja 1964.

Byam naye alifika Afrika. Mwaka 1959 aliongoza trela 41 na watu zaidi ya mia moja kutoka Cape Town kuelekea Cairo. Walipita Rhodesia, wakazama kwenye matope ya Kongo ya Wabelgiji, wakaingia Uganda na Kenya, wakapanda hadi Ethiopia, ambako walipokewa na Haile Selassie mwenyewe, kisha Sudan, na mwishowe Misri, ambako trela zilipigwa picha mbele ya mapiramidi. Nazistahi juhudi zao. Kuvuta nyumba kwenye njia za wakati ule kulitaka moyo, na ekseli zilivunjika si haba. Mwaka 1961 kampuni yake ikatoa trela fupi ya futi 16 iitwayo Bambi, ikieleza kwamba jina hilo ni la paa mdogo wa Angola.

Ila mama yangu aliponitembelea kutoka Kisii, nikamwonyesha picha za msafara ule tukiwa tumekaa ndani ya trela yetu kambini Itasca, hapa Minnesota, alizitazama kwa muda, akasema, "Miaka hiyo babu yako alikuwa akifanya kazi Nairobi. Akija nyumbani, alilala kwenye baraza la duka pale Nakuru, akingoja basi la asubuhi."

"Hapakuwa na hoteli, Mama?"

"Zilikuwepo, mwanangu. Si za kwake."

Hoteli nzuri za Kenya ya mkoloni zilimfungia Mwafrika milango kwa miongo mingi. Wageni wa Byam walipita katika nchi hiyo wakiwa na vitanda, majiko na maji yao, na mwenye nchi alikuwa amejikunyata barazani. Sisemi wao ndio waliomlaza pale. Nasema historia ya msafara ule haijakamilika mpaka na yeye aandikwe.

Trela ninayoipenda mimi ina asili nyingine kabisa. Ray Olecko wa Winnipeg, Kanada, alishughulika na matangi ya majitaka ya faibaglasi. Matangi hayo yalikuwa mepesi kuliko ya zege, hayakuoza wala kushika kutu. Aliona kwamba kitu kinachozuia maji yasitoke kinaweza pia kuzuia mvua isiingie, na mwaka 1968 akatoa trela ya futi 13 iliyoitwa Boler, kwa umbo lake la kofia ya mviringo iitwayo bowler. Mbali na Airstream na jamaa zake, trela nyingi za siku hizo zilikuwa fremu za mbao zilizofunikwa kwa mabati membamba ya alumini, zenye viungo kila pembe. Maji yakipata upenyo mmoja tu, mbao zilianza kuoza kimyakimya nyuma ya bati, na mwenyewe akija kugundua, ukuta ulikuwa tayari umelegea.

Boler ilitengenezwa kwa kalibu mbili, moja ya nusu ya juu na nyingine ya nusu ya chini. Kalibu hupuliziwa kwanza tabaka laini la rangi, ambalo ndilo litakalokuwa uso wa nje. Juu yake hupuliziwa nyuzi za kioo zilizokatwakatwa pamoja na rezini, kisha mafundi hupitisha rola kwa mkono wakikamua hewa, maana kila kiputo kinachobaki ni udhaifu. Nusu hizo zikishakauka huunganishwa kiunoni kama bakuli mbili zilizofunikizana. Basi: kiungo kimoja kikubwa tu, na hakipo paani. Uzito ulikuwa chini ya ratili 1,000, yaani kilo 450 hivi, kwa hiyo gari dogo la silinda nne liliweza kuivuta. Hapo ndipo ninapoona ukubwa wa kazi ya Olecko. Kabla yake, mara nyingi mtu wa kipato cha kawaida aliyetaka kitanda njiani alihitaji pia gari kubwa la kukivuta. Hadi utengenezaji ulipokoma mwaka 1988, Boler zipatazo 10,000 zilikuwa zimetoka. Familia ya Eveland ya Minnesota ilichukua umbo lile lile na kulileta Backus, na mpaka leo Scamp ya futi 13 ni ndugu wa damu wa Boler.

Trela yetu ilikuwa na miaka zaidi ya thelathini tulipoinunua, na ganda lake lilikuwa zima. Mume wangu alilikagua kwa tochi kuanzia paa hadi chini asione ufa. Kinachozeeka ni vingine. Kabati za ndani zimeshikiliwa na ribiti zinazotoboa ganda, na kila ribiti ina kifuniko cha plastiki nje; kifuniko kikipasuka, maji huteremka ndani ya ukuta na kufikia sakafu. Ekseli hubebwa na mipira iliyo ndani ya bomba la chuma, nayo hukauka. Tulijifunza pia kupanga mizigo: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iegemee kwenye boli ya gari, la sivyo trela huanza kuyumba mkia ukishika kasi. Kabla ya theluji tunakausha mabomba, maana maji yaliyoganda ndani hupasua kila kitu.

Mwaka 1993 wasafiri weusi wa Marekani wenye trela na magari ya kulala waliunda chama chao cha kitaifa, na mikutano yao huvuta watu kutoka majimbo mengi. Mwaka 2018 wenye Boler walikusanyika Winnipeg kuadhimisha miaka hamsini, trela kwa mamia. Natamani mikutano hiyo miwili ikutane siku moja uwanja mmoja, Scamp na Boler zikiegeshwa pamoja, na wazee wa pande zote wakiulizwa walilala wapi miaka ile, na nani aliwakubalia. Hayo bado yanakumbukwa na watu walio hai.

Msimu huu sisi tunang'oa sakafu. Imelainika karibu na mlango, pale ribiti mbili zilipovuja bila sisi kujua. Mume wangu amekwishakata plaiwudi mpya, na mama amepiga simu kutoka Kisii kuuliza kama kitanda kitakuwa tayari kabla hajaja mwezi wa saba.