Sukari Imeshuka

Kliniki huandika kisukari, lakini mitaani watu husema “fulani ana sukari”, na wakishasema hivyo kopo la sukari huwekwa mbali naye. Siku mjamzito anayechoma insulini anapotokwa jasho la baridi, mikono ikimtetemeka na maneno yakimchanganyika, jina hilo humponza. Anayekimbilia kumkorogea maji ya sukari huzuiwa mlangoni: “Usimpe, huyo ana sukari!”

Kitenzi nacho hakisaidii. Mgonjwa huhimizwa kila kliniki ashushe sukari, na ikishuka hupongezwa. Kisha kushuka kukohuko ndiko kunakotajwa kipimo kinaposoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani pale anapohitaji kusaidiwa upesi.

Ujauzito huzidisha utata. Katika miezi ya mwanzo mwili huweza kuhitaji insulini kidogo kuliko kawaida, na kichefuchefu humfanya mama atapike alichokula wakati dozi ameshaichoma. Wenye kisukari cha aina ya kwanza ndio huathirika zaidi. Kizunguzungu, uchovu na njaa ya ghafla huitwa tu “mimba changa”. Akipata degedege, watu hutaja kifafa cha mimba, ambacho ni maradhi mengine yanayohusiana na shinikizo la damu, na kwa kawaida huja baada ya wiki ya 20. Akishukiwa lolote kati ya hayo, tone la damu kidoleni lipimwe kwanza.

Istilahi ya kitabuni, haipoglisemia, inamfaa daktari. Mama mkwe haimwambii kitu. Mimi napendekeza kuishiwa. Tunasema ameishiwa nguvu, ameishiwa damu, na hakuna anayeuliza kama ni habari njema. Ni kweli sukari haijaisha yote mwilini, kama ambavyo aliyeishiwa damu bado anayo. Lakini ukisikia “ameishiwa sukari” unajua la kufanya: kama anameza vizuri, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini arudie. Akizimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali. Wauguzi walitumie neno hilo siku ileile wanapomfundisha mama kuchoma sindano, na wanaoishi naye wawepo wasikie.