Dhahabu: ifahamu karati kabla hujalipia pete

Ukitokea Mpale, Korogwe, huna haja ya kwenda mbali hadi Geita kusikia habari za dhahabu. Iko jirani tu wilayani Handeni, ambako kilima cha Magambazi kinajulikana kwa wachimbaji wadogo. Lakini wengi wanaoinunua sokoni hawajui wanacholipia. Ndipo watu wanapopigwa.

Kwa nini inapendwa?
Dhahabu haishiki kutu na haichujuki. Ni laini, sonara anaivuta na kuikunja atakavyo. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064 za Selsiasi. Tena ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina takriban gramu 19.3, zaidi ya mara mbili ya shaba.

Karati ni nini?
Kwa kuwa dhahabu tupu ni laini mno, pete yake hupinda na kukwaruzika upesi. Sonara huichanganya na shaba au fedha. Karati ndiyo kipimo cha mchanganyiko huo, na hesabu yake ni sehemu 24:

- Karati 24: dhahabu tupu
- Karati 22: asilimia 91.6 (mhuri 916)
- Karati 18: asilimia 75 (mhuri 750)
- Karati 14: asilimia 58.5 (mhuri 585)
- Karati 9: asilimia 37.5 (mhuri 375)

Kwa hiyo pete ya gramu 4 yenye karati 18 ina gramu 3 tu za dhahabu. Ukiuziwa kwa bei ya karati 22, umeliwa.

Usipigwe
Tafuta mhuri ndani ya pete au kwenye kifungio cha mkufu. Hakikisha unapimiwa kwenye mizani mbele ya macho yako, na dai risiti yenye uzito na karati. Sumaku husaidia kidogo: ikinasa pete, kuna chuma ndani. Isiponasa, bado si uthibitisho, maana hata shaba hainaswi. Mhuri nao huweza kughushiwa, hivyo mzigo mkubwa upimwe kwa mashine.

Kwa anayechimba
Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kukamata chenga za dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake hauna harufu, lakini ni sumu inayodhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Usichomee nyumbani, jikoni wala karibu na watoto. Kifaa cha kunasa mvuke huo hupunguza hatari na kuirudisha zebaki itumike tena.

Kuhusu kuuza, tangu 2019 Tanzania imefungua masoko ya madini, Geita ikiwa miongoni mwa ya mwanzo. Huko mzigo hupimwa na bei elekezi hujulikana. Ukimuuzia mtu wa kichochoroni, bei anapanga yeye.